Nyumba Mbili za Mize

Hind binti Ammar alikulia mjini, mtaa wa Malindi, mtoto wa fundi saa, na kwa babaake alirithi tabia moja: hakuweza kumwacha mtu aondoke na kitu kibovu mkononi. Alikaa mapokezi katika hoteli moja ya Shangani mpaka hoteli ikafungwa. Baada ya hapo akarudi nyumbani kwao, akawa anashona mashuka ya watu na kusikiliza nasaha za shangazi zake juu ya kuolewa tena.

Miaka ya elfu mbili ilipoanza, jirani yao Gharib alifungua chumba cha intaneti Kiponda, akamwomba Hind amsaidie kuwaangalia wateja. Wateja wakipungua, Hind alifungua tovuti za mahoteli ya nchi za mbali na kuzichunguza namna zilivyojengwa. Alikosea sana, akafuta, akaanza upya. Mwisho akaweza kutengeneza tovuti kamili, yenye picha na mahali pa mgeni kuandika ujumbe wake.

Wa mwanzo kumwamini alikuwa Bi Shahida, mwenye nyumba ya wageni Mkunazini. Nyumba ilikuwa ya ghorofa tatu, ngazi zake za mbao, na jina lake Mize. Kazi ile ikampendeza kila aliyeiona. Haukupita muda akaja mwanamke mwengine, kutoka Nungwi, kwa jina Bi Sichana. Yeye alikuwa na vibanda vya wageni ufukweni, na kwa kuwa kwao intaneti haikuwa imefika, kila wiki alishuka mjini kusoma barua pepe zake.

"Vibanda vyako tuviiteje, Bi Sichana?"

"Mize."

Hind akacheka. "Jina hilo lina bahati. Kuna Mize nyengine hapa hapa mjini."

Bi Sichana hakucheka. "Ni jina la mama yangu," akasema.

Ndipo Hind alipomtazama vizuri, akaiona pua ya Bi Shahida na kidevu cha Bi Shahida. Akafahamu kuwa hawa ni ndugu na kuwa baina yao pana jambo. Hakuuliza. Alitengeneza tovuti ya pili vile vile kwa moyo wake wote, na hakuna mahali alipomdokezea mgeni kuwa Mize ziko mbili.

Msimu wa wageni ulipopamba moto, mchanganyiko ukaanza. Waliotaka bahari walijikuta Mkunazini wanatazama paa za mabati, na waliotaka mji walishushwa Nungwi na mizigo yao. Siku moja akafika kwa Bi Shahida bibi mmoja wa Kizungu, mtu mzima, anayetembea kwa mkongojo. Alikuwa amechagua Nungwi kwa sababu vyumba vya kule viko chini, lakini ujumbe wake alikuwa ameupeleka mjini. Chumba kilichobaki kilikuwa juu kabisa. Bibi yule alipanda mpaka katikati ya ngazi, akakaa pale pale, akalia.

Bi Shahida alikwenda Kiponda akihema kwa hasira. "Wewe mtoto umenifanyia nini? Watu wangu wanapotea!"

Hind hakujitetea. Alijua mwenyewe kuwa alijenga milango miwili yenye jina moja bila ya kibao. Akamweleza alilolifikiria: utepe juu ya kila ukurasa, katika tovuti zote mbili, mahali pale pale na kwa sura ile ile. Ndani yake yatakuwamo majina mawili, Mize ya Mjini na Mize ya Nungwi. Pale mgeni alipo patakoza rangi, na akilibofya lile jina jengine atahamia upande wa pili. Akitaka kurudi, atarudi kwa njia ile ile aliyoendea.

"Jina la Sichana ndani ya nyumba yangu?" Bi Shahida akasimama. "Mtu aliyemzika mama yangu bila ya mimi hawi jirani yangu, hata humo ndani ya kompyuta yako."

Akaondoka. Hind alibaki na utepe wake akilini. Angeweza kuuweka kimya kimya, kwani wale wanawake wenyewe hawakuwa na mazoea ya kuzitazama tovuti zao. Lakini aliona hiyo itakuwa hila. Akautengeneza katika mashine yake tu, pasipoonwa na mtu wa nje, na Bi Sichana alipokuja kusoma barua zake akamvutia kiti.

"Hebu tazama hapa. Ukikataa, ntaufuta."

Bi Sichana aliusikiliza mpango mzima. Kisha akakishika kipanya kwa mkono wake mwenyewe, akabofya jina la mjini. Ukafunguka ukurasa wa Mkunazini, na Bi Shahida amesimama mlangoni kwake, amevaa kanga mpya. Bi Sichana akarudi Nungwi. Akabofya tena.

"Amekonda," akasema polepole. "Ana nini?"

"Sijui. Najua chai siku hizi anakunywa bila ya sukari."

"Mama naye alianza hivyo hivyo." Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Uweke. Lakini yeye ndiye mkubwa. Jina lake litangulie."

Hind aliyachukua maneno yale kama yalivyo akayapeleka Mkunazini, bila ya kuzidisha wala kupunguza. Bi Shahida alikuwa anachambua mchele. Vidole vyake vikasita juu ya ungo.

"Kasema hivyo? Mie mkubwa?"

"Naam. Kasema jina lako litangulie."

"Anakuja lini mjini?"

Wiki iliyofuata Bi Shahida alifika Kiponda asubuhi, akajidai anataka kuiona rangi ya utepe. Bi Sichana alipoingia akamkuta amekaa. Gharib, mtu mwenye akili zake, akakumbuka kuwa ana shughuli barazani.

"Shikamoo, dada," akasema Bi Sichana, bado yuko mlangoni.

"Marahaba." Kisha Bi Shahida akaanza: "Mlimzika mama kama sina haki naye."

"Tulimtuma mtu, dada. Wallahi tulimtuma. Kaenda Kikwajuni, kagonga mpaka kachoka. Tukakungoja mpaka baada ya laasiri, mashekhe wakasema maiti hawekwi."

"Kikwajuni?" Bi Shahida akakamata ukingo wa meza. "Kikwajuni nlishahama, Sichana. Zamani nlishahama."

"Nani alituambia?"

Hind aliinamia kibodi na kubonyeza vitufe visivyo na kazi, ilimradi asiwatazame. Alisikia kiti kinavutwa, kisha kilio cha watu wawili ambacho hakikuwa cha ugomvi.

Utepe ulipanda kwenye tovuti zote mbili siku ile ile. Ndugu hawakugeuka malaika: Bi Shahida alilalamika kuwa picha za bahari zinamwibia wageni, na Bi Sichana alitaka rangi ibadilishwe kila akishuka mjini. Lakini wageni waliacha kupotea, na wengi wakawa wanalala mjini kwanza kisha wanahamia Nungwi, wakipelekwa na salamu za dada kwa mdogo wake.

Ijumaa moja kukasomwa hitma ya Bi Mize, na Hind akaalikwa. Ilikuwa mara yake ya mwanzo kufika Nungwi. Kila alichokiandika juu ya vibanda vile alikitoa kwenye picha. Walipomaliza kula pilau, Bi Shahida na mdogo wake wakaenda makaburini wameshikana mikono, na Hind akavua viatu akatembea ufukweni peke yake. Maji yalikuwa yamekupwa, mchanga baridi. Alikuwa ameandika kwenye tovuti kuwa mahali hapo ni pazuri, na sasa aliona haitoshi. Jumatatu alipofika kazini, kabla hajavua buibui, alilifuta neno lile akakaa kufikiri aandike nini badala yake.