Mtunza Viwanja Asiyezoa Majani

Glavu ya mkono wa kulia ya Lorna Haugen haina kidole gumba. Ameikata mwenyewe. Ni asubuhi, nyasi zimeganda, na kidole chake kilicho wazi, chenye nyufa, kinapapasa kila bua la maua kabla ya mkasi kulifikia.

Bua lenye tundu lililozibwa kwa udongo analiacha. Ndani yake amelala nyuki mchanga.

Lorna, 57, anatunza viwanja vya nyumba mjini Duluth, Minnesota. Mwezi huu wa Oktoba wenzake wanazoa majani makavu na kukata kila kilichosimama. Yeye anayasukuma kwa reki hadi chini ya miti na kuyaacha hapo, yafunikwe na theluji.

"Watu wanadhani nimechoka kuinama," anasema.

Anayemtania zaidi ni Arvid Nygaard, fundi wa reli mstaafu, jirani wa Verna Sletten. Verna ni bibi wa miaka 86 ambaye Lorna anamtunzia uwanja.

"Kazi ya kutofanya kazi," Arvid humwambia kila Oktoba. "Nitafutie na mimi basi, Lorna."

Utani haumsumbui. Kinachomsumbua ni kwamba akishaondoka, Arvid huja na mashine yake ya kupuliza majani na kuuacha uwanja wa Verna mtupu. Arvid alianza kufanya hivyo mume wa Verna alipofariki, na kwake huo ni ujirani mwema.

Katika mtaa huu wema haukataliwi. Ukitendewa, unashukuru, unapika kitu, unapeleka. Kwa hiyo kila mwaka Lorna huharibiwa kazi yake, kisha humpelekea Arvid mkate wa malenge.

Mwaka huu mambo ni mengine. Kiangazi kilichopita, nondo wa kijani, vipepeo wa usiku wapana kama kiganja, walitua kwenye dirisha ambapo Verna hukaa siku nzima. Hakuwa amewaona tangu usichana wake. Alimwomba Lorna jambo moja tu, awaone tena. Vifukofuko walimolala watoto wao hadi Juni sasa vimo katika majani chini ya mti wa birchi, nyuma ya nyumba.

Kabla Lorna hajamaliza mbele ya nyumba, mashine inanguruma huko nyuma.

Anamkuta Arvid akifunga mifuko. Lori la taka za bustani litapita kabla ya adhuhuri. Kwanza Lorna anamuuliza hali ya goti lake. Wanazungumza kidogo kuhusu baridi. Halafu anafungua mfuko na kuumwaga chini.

"Arvid," anasema, "naomba usinisaidie tena."

Mzee anaweka mfuko wake chini. Lorna anamwonyesha kifukofuko kilichojiviringisha ndani ya jani, na kumweleza ombi la Verna. Arvid anainama kukitazama.

"Ungesema zamani," anajibu. "Na mimi malenge siyapendi."

Wanamwaga mifuko iliyobaki pamoja, taratibu, kwa mikono.

Lorna ana mpango wa kuja hapa jioni za Juni, akae na Verna dirishani. Daktari amemwambia bibi huyo asitegemee sana kukiona kiangazi kijacho.

"Kuna jambo sijamwambia mtu," Lorna anasema, akikusanya mkasi na reki. "Nondo wanaweza kutua popote, wasifike hata dirishani kwake. Nilitaka Verna awe na kitu cha kungojea."