Mama Mkwe Getini

Mume wangu alianza kwa kupoteza vitu vidogo, na mimi nikasema ni uzee. Jembe tulilikuta bandani kwa kuku. Koti lake la kanisani nilimkuta nalo mbuzi, amevalishwa na kufungwa vifungo vyote, naye katulia kama mzee wa kanisa. Siku hiyo tulicheka wote wawili. "Si limemkaa vizuri kuliko mimi?" akaniuliza. Wakati huo alikuwa bado anajua kutania.

Baadaye yakaanza kupotea majina, na la kwanza kupotea likawa langu. Mimi shule nimeishia darasa la nne, lakini majina ninayo yote: ya wasichana tuliopata nao kipaimara, ya wanawake tuliochuma nao kahawa, ya ng'ombe wetu tangu yule wa mahari. Hapa sitaandika hata moja. Naona haya kujaza karatasi majina ya ng'ombe wakati mume wangu halijui la mkewe.

Daktari alisema ni ugonjwa wa kusahau, tukae naye nyumbani kwa upole. Nyumbani kwetu ni Moshono, upande wa juu, ambako bado tuna migomba na kahawa kidogo katikati ya nyumba mpya za watu. Upole niliuweza. Kilichonishinda ni miguu yake. Akishakunywa chai anachukua fimbo, anasema, "Naenda nyumbani." Nyumbani anakokutaka ni kwa baba yake, kule juu mlimani, na nyumba ile haipo tena. Halafu wala hapandi mlima, anashuka kwenye lami, kwenye malori. Siku moja mama mmoja wa sokoni anayetufahamu alimkuta Kwa Mrombo, upande mwingine kabisa wa mji, anauliza bei ya madume ya ng'ombe, mguu mmoja hauna kiatu. Amefikaje huko mpaka leo hatujui.

Binti yetu anayekaa Sokon One alikuja mbio siku ile ile.

"Mama, tuweke kufuli getini."

"Nimfungie baba yako kama ndama?"

"Bora ndama aliyefungwa kuliko baba aliyegongwa na gari."

"Na majirani wakipita watasema nini?"

"Waseme. Kwani wao ndio wanaomkimbiza huko barabarani?"

Nikakataa. Niliogopa midomo ya watu. Kufuli lingeonekana na kila apitaye, na mimi sikutaka kuitwa mwanamke aliyemfungia mumewe.

Sasa ili mnielewe, niseme jambo moja. Kwetu Wameru, sisi wa umri huu, mwanamume na mama mkwe wake hawakaribiani. Akimwona njiani anatoka pembeni, anainamisha macho mpaka mama apite. Hali chakula mbele yake, hakai naye chumba kimoja. Si chuki, ndiyo heshima yenyewe. Mume wangu aliishika kuliko wenzake wote. Nilipojifungua mtoto wa kwanza, mama yangu alikuja kunitazama, na siku zote alizokaa kwetu, mume wangu alikuwa anakula kwa jirani. Jirani akawa anamtania, "Hamia tu huku, mke wako nitamwambia umekufa."

Mama alifariki zamani, na mimi nimezeeka na sura yake. Hata ndugu zangu hushtuka. Nilibaki na kaniki yake, lile vazi jeusi ambalo wanawake wa zamani walijitanda, nikaitunza sandukuni. Asubuhi moja ya mwezi wa sita, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba na baridi inauma mifupa, niliitoa nikajitanda kichwani, nikaenda getini kumwaga majivu. Kugeuka, namwona mume wangu anakuja na fimbo yake. Akaniona, akasimama. Akavua kofia, akainamisha kichwa, akaingia kwenye migomba kunipisha. Halafu akarudi ndani polepole, akakaa kwenye kiti chake, na siku nzima hakutaja habari za kwenda nyumbani.

Nilicheka peke yangu jikoni. Kesho yake nikaivaa tena, na jua lilikuwa linawaka.

Ikawa ndiyo kufuli langu. Nikisikia fimbo yake inagonga sakafu, najitanda kaniki naenda kusimama getini, mkono mmoja kiunoni kama mama, na kikohozi chake kile kikavu nikakikohoa. Anafika, anainama, anarudi. Nilijiona nina akili sana. Wanawake wa kanisani walipokuja kutuombea, mmoja akasema, "Mtazameni mzee alivyotulia. Bibi huyu anajua kutunza." Mwenzake akaongeza, "Tena geti halina hata kufuli. Ni upendo tu." Nikaitikia amina, na kaniki iko chini ya mto nilioukalia.

Lakini hakuishia kuniona mama mkwe pale getini. Akaanza kuniona hivyo hata jikoni, akaniona hivyo hata chumbani kwetu. Nikiingia, yeye anatoka. Usiku nililala kwenye kochi, maana mkwe hawezi kulala na mama yake mkwe chumba kimoja, na ningebaki angekesha amesimama. Nilipotaka kumwogesha alijikunja pembeni na taulo kwa aibu, aibu ya mtu mzima, na aliyemtia aibu hiyo ni mimi.

Chakula ndicho kilichonitisha. Nilimpikia loshoro, mahindi na ndizi na maziwa mgando, chakula anachokipenda tangu ujana wake. Akageukia ukuta, akaniambia kwa adabu kwamba ameshiba. Nikimwachia sahani nikatoka, anasahau kwamba ni yake, kuku wanapanda mezani wanaila. Nilitupa kaniki sandukuni. Nikafunga kilemba changu cha kila siku, nikamwita kwa utani wetu wa zamani, hata nikamgombeza. Haikusaidia. Nguo nilibadilisha, uso ulikuwa ule ule. Akakonda mpaka saa yake ya mkononi ikawa inapanda na kushuka kama bangili.

"Mama, baba hali chakula?" binti akauliza.

"Anakula kidogo kidogo."

"Na mbona anakugeuzia mgongo?"

"Ndiyo ugonjwa wenyewe."

Nikausingizia ugonjwa. Ule ugonjwa ulikuwa na makosa yake mengi, lakini hilo halikuwa lake. Nilijua kabisa kwamba akiendelea hivyo atakufa kwa njaa ndani ya nyumba yenye chakula, na kinywa changu hakikufunguka. Ningemwambiaje mtoto kwamba nilimchezea baba yake ili nisinunue kufuli?

Alasiri moja alikuja mwenyewe mpaka jikoni. Hakuingia. Alisimama nje ya mlango, amegeukia upande, kofia mkononi, akasema kwa Kimeru kile cha heshima ambacho vijana hawakijui tena.

"Mama, nimekuja."

"Karibu."

"Nimemfuata binti yako."

Nilikuwa namenya ndizi. Kisu kikasimama.

"Ana siku nyingi kwako," akasema. "Sikumfuata mapema, nilikuwa nasubiri hasira zimwishe. Nilichomfanyia sikikumbuki, mama. Lakini yeye si mtu wa kuondoka bure, kwa hiyo lazima nilimfanyia kitu. Kama ni jambo la wazee, nitakuja na wazee. Tangu aondoke sili vizuri. Mwambie arudi."

Kumbe siku zote hizo alikuwa ananisubiri. Mimi nazunguka mbele yake na sufuria, na yeye anakaa pale akijilaumu kwamba amenifukuza. Nilitaka kupiga magoti nimwambie, wewe hukukosa, aliyekosa ni mimi. Lakini ningemwambia nani? Aliyesimama mlangoni alikuwa mkwe wa mama yangu. Wa kunisikiliza mimi hakuwepo.

Nikamjibu kwa sauti ya mama, "Kakae. Namtuma sasa hivi."

Nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikazunguka banda. Nikavua kilemba, nikabaki na nywele zangu nyeupe wazi, kitu ambacho mama hakukifanya hata siku moja mbele ya watu. Nikaja kuingia kwa mlango wa mbele kwa kishindo, kama mtu anayetoka safari.

"Hodi humu! Mwenye nyumba yupo?"

Akanitazama. Safari hii alinitazama usoni, akachukua muda.

"Umechelewa," akasema.

"Njia ilikuwa mbaya."

"Umemwona mama yako? Yuko jikoni peke yake, hajapewa hata chai. Ndivyo ulivyolelewa?"

"Nampelekea."

"Mpelekee kwanza. Mimi nitasubiri."

Nikaenda jikoni. Nikamimina chai kwenye kikombe cha wageni, nikainywa mwenyewe nimesimama, maana ningerudi upesi asingeniamini. Iliniunguza ulimi. Nikarudi na bakuli la loshoro.

"Amekunywa?"

"Amekunywa. Anashukuru."

Ndipo akala. Nilimshikia kijiko mimi, naye akala mpaka akakwangua bakuli.

Jioni ile nilimpigia binti simu nikamweleza yote, kaniki, geti, kochi, kila kitu. Akaniuliza kama baba amekula leo, nikamwambia amekwangua bakuli. Halafu akasema, "Mama, kesho nakuja na fundi." Akaja, kufuli likawekwa, majirani wameliona na hakuna aliyeniuliza lolote. Mume wangu akitaka kutoka, navua kilemba, nalifungua, tunatoka pamoja, tunatembea mpaka achoke yeye au yachoke magoti yangu.

Ila kila mlo ni lazima nizunguke nyumba nikaingie kwa mlango wa mbele, kichwa wazi, na ni lazima mama apewe chai kwanza. Mvua ikinyesha nazunguka hivyo hivyo. Hilo silihesabu kuwa mzigo. Mzigo ni akishashiba. Anaweka mkono juu ya meza, ananiuliza taratibu, "Nilikukosea nini mpaka ukaondoka?"

"Hukunikosea kitu."

"Unanificha."

"Kweli tena. Hukunikosea."

"Basi bado una hasira," anasema, na uso unamwanguka, na hapo hata usingizi haumjii. Nimemwambia ukweli kwa kila namna ninayoijua. Nimemwambia ni mimi niliyekosa, akatikisa kichwa, akasema namfunikia kosa lake mbele ya mama yangu.

Jana nilichoka. Aliponiuliza nikamjibu, "Nimekusamehe." Akashusha pumzi ndefu, akanishika mkono, akasema asante. Nikamwachia mkono wangu mpaka akalala.