Wifi alisema "msomee vizuri", mimi nikanyamaza

Admin, jina langu libaki kwako, maana Masumbwe tunajuana mpaka mbuzi. Mimi ni binti wa miaka ishirini na mbili, nimemaliza kidato cha nne, naishi kwa kaka yangu anayechimba dhahabu. Najua mtanitukana. Tukaneni, ila mkimaliza mnishauri.

Kaka hajui kusoma. Utotoni alichunga ng'ombe wa baba ili mimi niende shule, kwa hiyo mimi ndiye macho yake. Meseji zake nasoma mimi, barua za kijiji nasoma mimi. Nikisema imeandikwa hivi, kwake imeisha.

Mke wake, nimwite Mama Shija, hatukupatana. Wiki ile alimwambia kaka kwamba natoroka kwenda kwa kijana mmoja wa kwenye karasha, pale wanaposaga mawe ya dhahabu. Kaka alinichapa fimbo ya ng'ombe mpaka nikashindwa kukaa. Nikaapa kwamba na yeye Mama Shija atazionja.

Kikundi chao cha akina mama kilitaka kumpongeza mwanamke wa kwanza kutoka kwetu kuwa wakili, aliyewasaidia wajane wengi kurudishiwa mashamba. Wifi akapewa kazi ya kutengeneza kadi. Alikata boksi, akabandika vipande vya kitenge, akachora mwanamke ameshika mizani. Mizani yenyewe aliikata kwenye karatasi ya dhahabu ya pakiti ya sigara. Ilipendeza, na hilo nalo liliniuma.

Jumamosi mchana kaka aliikuta chini ya godoro, wifi alipoiweka inyooke. Sasa huku kwetu, mwenye mizani ni mnunuzi wa dhahabu, hata mtoto anajua. Akaniita uani.

"Mdogo wangu, nisomee. Huyu mwenye mizani ni nani?"

"Kaka, mimi naogopa."

"Soma!"

Nikasoma maneno ambayo hayakuwepo: "Mpenzi wangu mnunuzi, huyu mchimbaji namwacha, nakuja kwako."

Nilidhani atampiga makofi mawili, tulingane. Kaka alichukua mpini wa sululu. Wifi alikuwa pale pale uani anapepeta mchele, maneno yangu aliyasikia, ila hata hakuwahi kusimama. Pigo la kwanza lilivunja mkono, nikausikia ukikatika kama kuni. La pili lilimpasua kichwa. Mchele wote ukawa damu. Akatambaa mpaka miguuni kwangu, akashika sketi yangu kwa ule mkono mzima.

"Wifi, msomee vizuri! Wifi, nakuomba, msomee!"

Kadi ilikuwa mkononi mwangu. Nikanyamaza. Kaka akampiga tena, taya likavunjika, hakusema tena. Majirani waliruka uzio wakamkuta bado anapiga.

Kaka yuko mahabusu. Wifi yuko hospitali, taya limefungwa waya. Nilipokwenda kumwona aliandika kwa mkono wa kushoto: "Kadi unayo?" Nikatikisa kichwa kukataa.

Nyumbani wote wananitegemea. Baba mdogo anasema, "Msomi wetu, Alhamisi utasimama mahakamani useme kilichoandikwa, kaka yako aonewe huruma." Mama analia, "Ng'wana wane, mwanangu, alichunga ili wewe usome." Na yule wakili wa kwenye kadi ndiye anayefuatilia kesi ya wifi. Atakuwepo.

Jana ndiyo nimeisoma kadi kwa mara ya kwanza. Siku ile nilikuwa na haraka ya kutunga ya kwangu. Juu kuna pongezi za kikundi. Chini kabisa, kwa mwandiko wa wifi, imeandikwa: "Mama, nina wifi yangu amemaliza kidato cha nne. Ana akili, ila hana wa kumshika mkono. Naomba umpokee ofisini kwako, siku moja awe kama wewe."

Nimelia mpaka kukakucha. Nikiipeleka, kaka anafungwa akijua ni mimi niliyemponza, na ukoo mzima utanitema. Nikiichoma na kurudia uongo wangu, wifi atabaki malaya wa Masumbwe maisha yake yote, na bila kadi hana ushahidi wa kujitetea.

Kibiriti ninacho, kadi ninayo, Alhamisi ni keshokutwa. Nishaurini ndugu zangu, niichome au nikaisome?