Springi za Baba

Kirikuu langu la kubebea mizigo lilikuwa gari la adabu kabla sijalikabidhi kwa fundi. Lilibeba maharage kutoka Kaniha mpaka Ngara mjini, lilipanda vilima vya Nyamiaga kwa gia ya kwanza likikohoa njia nzima, na wenye pikipiki walilipita wakinipungia mkono kwa huruma. Sikuwa na ugomvi nalo. Maharage hayaozi, na mimi sipendi kukimbizwa.

Aliyekuwa na haraka ni mdogo wangu wa kiume. Alikuwa amepata mchumba Runazi, kule upande wa Biharamulo, na siku ya kwenda kujitambulisha ilipofika, baba akashikwa na mgongo. Alikwenda baba mdogo peke yake kumsemea. Alirudi amenuna. Wakwe watarajiwa walikuwa wamempokea vizuri, wamemlisha vizuri, halafu wakamwambia kwamba wamesikia mgongo wa kwetu ni ugonjwa wa ukoo, na hawakumlea binti yao akamalizie maisha anakanda wanaume migongo.

"Wanamtaka baba mwenyewe," baba mdogo alisema. "Wanataka wamwone akishuka kwenye gari na kusimama kwa miguu yake. Asiposimama, wamesema tusijisumbue kurudi."

Mdogo wangu alisusa chakula cha jioni. Kwa mtu wa tumbo lile, hilo ni jambo la kumwita padri.

Shida ni kwamba baba alikuwa na uwezo wa kusimama na uwezo wa kusafiri, ila si vyote kwa siku moja. Mara ya mwisho kupanda basi kwenda Biharamulo walimshusha kama kabati, wawili wakishika juu na wawili chini, naye amekunjwa vilevile alivyokuwa kitini. Na hapo alikuwa amepita kwenye lami tu. Barabara ya kuingilia Runazi ni vumbi na makorongo. Kumwambia baba kwamba ni mgonjwa nako hakukuwezekana. Alikuwa katekista miaka mingi, na mpaka leo anaongea na watu kana kwamba wote tunasubiri kipaimara.

Nikaenda kwa fundi wangu pale Ngara mjini. Fundi huyu anapenda majigambo kuliko chai. Alinisikiliza huku anafuta mikono kwenye suruali iliyokuwa chafu kuliko mikono yenyewe.

"Dada, tatizo lako lina dawa mbili," alisema. "Dawa ya muda na dawa ya mashimo. Muda nitaufupisha kwa tabo. Mashimo nitayameza kwa springi. Baba atashuka Runazi anacheza ngoma."

Tabo aliipata kwenye gari dogo la ajali lililokuwa linaota nyasi nyuma ya gereji. Alinieleza kwamba moshi wa injini, badala ya kutoka bure, unazungusha kifeni. Kifeni kinasukuma hewa nyingi ndani ya injini. Na injini ikishiba hewa, inavuta kama imetukanwa. Springi nazo alizitoa kwenye gari hilohilo. Aling'oa zile za nyuma za kirikuu, vyuma bapa vilivyolaliana, ambavyo havijui huruma mpaka uvipakie magunia kumi, akachomelea vikombe vya kushikilia springi za kujiviringisha na shokapu ndefu laini.

Ila springi za nyuma humsaidia aliye nyuma. Kwenye kirikuu kiti cha abiria kiko juu ya tairi la mbele, na tairi la mbele halikuguswa. Maana yake baba angekaa kwenye bodi, kule nyuma kwa mizigo, katikati, juu ya kiti chake mwenyewe cha mbao chenye mikono na mito, kikiwa kimefungwa kamba pande zote. Najua sheria inasemaje kuhusu kupakia watu kwenye gari la mizigo. Wewe msomaji pia unajua. Tuendelee.

Kiti nilikiiba mchana kweupe. Nilimwambia baba mguu mmoja unalegea, nampelekea seremala. Kofia yake ya zamani nayo nilipita nayo. Fundi alisema lazima tujaribu springi kwa uzito wa baba, si kwa uzito wa kubahatisha, kwa hiyo tulijaza maharage gunia mpaka likafikia mwili wake, tukalikalisha kitini, tukalifunga mkanda, tukalivika kofia. Sikuona sababu ya kulivika kofia. Fundi ndiye aliona.

Siku ya kwanza lile gunia liliteseka. Springi zilikuwa laini mno; kila tuta lilipokwisha, nyuma ya gari iliendelea kukubali, ndiyo, ndiyo, ndiyo, mpaka tuta lililofuata. Fundi alisema ndivyo alivyokusudia. Kesho yake akabadilisha shokapu kimyakimya. Tukaongeza madumu ya maji kando ya kiti, kwa sababu safari yenyewe ingekuwa na madumu ya rubisi, pombe yetu ya ndizi, ya kuwapelekea wakwe, na gari likatulia. Tulipita kwenye mashimo na gunia likabaki limekaa kwa heshima zake. Watoto wa shule walilisalimia shikamoo. Mama mmoja alilisalimia kwa Kihangaza, akasimama kungoja jibu.

Tabo nayo ilifanya kazi kuliko nilivyoomba. Nikikanyaga mafuta, kwanza kimya, halafu unasikia mluzi mwembamba chini ya kiti, halafu gari linakurupuka. Nilipanda kilima cha Nyamiaga kwa gia ya tatu, nikawapita wale wa pikipiki mmoja baada ya mwingine. Nikawapungia mkono kwa huruma. Sitasema uongo, nilifurahi vibaya sana. Nilikuwa bado nacheka peke yangu nilipopita mbele ya duka la njia panda, na pale barazani, kwenye benchi, alikuwa amekaa baba.

Aligeuza kichwa polepole kulifuata gari. Aliona kiti chake, kofia yake, na mtu wa umbo lake akipita kwa kasi bila kusalimia.

Nilirudi nyumbani kwa gia ya kwanza. Alikuwa ananingoja uani, amesimama kwa kushikilia nguzo.

"Nimejiona nikipita," alisema.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nilikuwa nimenyooka vizuri. Nilikuwa nakwenda wapi?"

Ikabidi nimweleze yote: maneno ya watu wa Runazi, springi, na ile tabo.

"Yaani umemlipa fundi akuongezee tabu?"

"Tabo, baba. Ni kifaa."

"Tabu," alisema, na hakuna aliyeweza kumtoa hapo. Kisha akalizunguka gari, akalibonyeza bodi kwa kiganja. Likazama kidogo, likainuka taratibu. Akabonyeza tena. Akabonyeza mara ya tatu, na hiyo ya tatu haikuwa ya ukaguzi, alikuwa anachezea. "Mwambie seremala wako," alisema, "mto wa mgongoni auongeze unene."

Tuliondoka Jumamosi baada ya chai. Mdogo wangu alikaa mbele na mimi, amevaa suti, ananuka marashi ya kutosha harusi tatu. Baba alikaa nyuma na koti lake la kanisani, kofia mpya, mwavuli, na shuka jeupe la kujikinga vumbi, madumu ya rubisi yakiwa yamemzunguka kama waumini. Baba mdogo alikuwa ametangulia kwa basi tangu Ijumaa.

Kabla ya Nyakahura askari wa barabarani akatusimamisha. Alizunguka nyuma, akakutana uso kwa uso na mzee aliyekaa kitini kama anasubiri kuhutubia.

"Shikamoo mzee. Lakini huku nyuma panatakiwa mzigo tu."

"Marahaba, mwanangu. Mzigo ndio mimi. Waulize hao walio mbele."

Askari aliuma midomo. Alinihubiria mimi kwa kirefu, akaniambia asimwone tena baba akiwa nyuma, niende polepole, na akamwombea mzee safari njema. Nilikwenda polepole mpaka kona ya kwanza. Halafu tabo ikapiga mluzi wake, mdogo wangu akashika dashibodi kwa mikono miwili, na nyuma nikasikia baba anaimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya kwanza.

Baada ya Biharamulo mjini tuliacha lami. Hapo nilianza kuogopa kwelikweli. Kila korongo nililipita nimebana meno, nikingoja kusikia mguno wake. Sikusikia mguno. Baadaye sikusikia wimbo pia. Nilisimamisha gari, nikachungulia. Baba alikuwa ameishusha mito kutoka kitini, amejilaza juu yake kwenye sakafu ya bodi, amevuta shuka mpaka juu ya kofia, na anakoroma.

Mdogo wangu alitaka tumwamshe tukikaribia. Nikamwambia amwache mpaka tufike mlangoni, maana mgongo uliolala haujikunji. Hilo lilikuwa kosa letu la kwanza.

Tuliingia kwenye ule mji wa wakwe taratibu. Ukoo mzima ulikuwa umepangwa uani kwenye viti, baba mdogo wetu akiwa katikati yao na jasho limemtoka. Walikuwa wamekaa hivyo ili waone mtu anashuka. Bibi yake bi harusi, mzee sana, ndiye aliyesogea wa kwanza. Nilishuka, nikapiga goti, nikamwamkia.

"Marahaba. Baba yenu yuko wapi?"

Sikutaka kumwamsha kwa kelele. Nikainamisha kichwa, nikashusha sauti, nikamwambia, "Amelala."

"Amerara?" aliuliza bibi kwa lafudhi ya kwao.

"Amelala, bibi. Njiani."

Bibi akatazama nyuma ya gari. Aliona umbo refu lililonyooka, limefunikwa shuka jeupe kichwa mpaka miguu. Akashika kichwa kwa mikono miwili, akaangua kilio ambacho sijawahi kusikia mfano wake. Wanawake wote wakakipokea. Wanaume wakavua kofia. Mtu mmoja akaanza kukusanya viti vya kupanga upya. Baba mdogo, ambaye alipaswa kuwa na akili, alipiga magoti akaanza kumlilia kaka yake kwa jina. Mdogo wangu akatazama vile watu wanavyolia, akaingiwa na shaka, naye akaanza.

Nilikuwa napiga kelele kwamba anakoroma, jamani, anakoroma. Nani angesikia?

Ndipo shuka likakaa kitako. Baba aliivua kofia, akawatazama watu wanaolia, na uso wake ukabadilika ukawa ule wa kazini. Katekista akikuta msiba hasubiri kuelezwa. Alishika ukingo wa bodi, akashusha mguu mmoja, akashusha wa pili, akasimama chini, akanyooka, akatembea moja kwa moja mpaka kwa bibi na kumshika mikono yote miwili.

"Pole sana, mama. Poleni sana nyote. Amefariki nani?"

Kilio kilikatika palepale. Kuku tu ndio waliobaki wanaongea.

"Ni wewe, mzee," alijibu baba yake bi harusi.

Baba alilifikiria hilo. "Basi nashukuru mmejitokeza wengi," alisema.

Aliyecheka kwanza ni bibi. Alicheka mpaka wakamletea kigoda. Baba yake bi harusi alimzunguka baba yetu kama anayekagua ng'ombe, akamwangalia miguu, akamwangalia kiuno, akasema maneno ya ugonjwa wa ukoo hayatatajwa tena kwenye mji wake. Mdogo wangu aliomba chakula hata kabla ya kukaribishwa.

Jioni, mazungumzo yakiwa yamekwisha na rubisi imepungua, nilikuwa nanawisha watu mikono pale barazani. Baba yake bi harusi akamuuliza baba, kwa sauti ya wazee wawili tu, "Lakini mgongo wenyewe, kweli umepona?"

"Haujapona," alisema baba. "Uko palepale. Ila leo nimelala. Tangu mama yao afariki sijapata kulala namna ile."

Mama alikuwa ametutoka mwaka uliotangulia. Nyumba yangu na ya baba zinatazamana. Naona taa yake kila usiku, na nilidhani anasali. Nililiweka jagi chini, nikaenda nyuma ya nyumba, nikalia. Wanawake wa Runazi wakaniambia basi, dada, mzee yu hai.

Mdogo wangu ameoa. Fundi ananisumbua nirudishe zile springi za zamani, kwa sababu hizi laini hazibebi nusu ya mzigo niliokuwa nabeba, na wenzangu wa maharage wananicheka. Wacha wacheke. Jumapili baada ya misa baba huniambia nimpeleke akaangalie mashamba ya watu. Hupanda na shuka lake, nami hupakia madumu ya maji kwa ajili ya uzito, naendesha bila kukanyaga mafuta sana, kwa sababu ule mluzi humwamsha. Hakuna shamba aliloliona mpaka leo.

Jumapili iliyopita tulizunguka mpaka karibu na jioni, nikaingia uani, nikazima injini. Kule kutulia kukamwamsha. Akauliza akiwa ndani ya shuka, "Tumefika?"

Mlango wake ulikuwa hatua chache kutoka pale.

"Bado, baba," nikamwambia. Nikawasha gari, nikageuza, tukarudi barabarani.