Mkaguzi Hakufika Kaagya

Wanaosema Ta Projestus ni kichaa hawamjui. Mimi Hellen nimepakana naye kibanja, shamba la migomba la nyumbani, huku Kaagya tangu nilipoolewa. Tumegombania mpaka, tumegombania mbuzi, kanitukana, nimemtukana, na mwanangu alipozidiwa na malaria yeye ndiye aliyembeba mgongoni hadi zahanati. Mkali, ndiyo. Kichaa, hapana.

Aliyemponza ni Mujuni, mtoto wa dada yake aliyeolewa Muleba, wakala wa bima ya mazao. Alikuja na tai yake na viatu vya ncha, akakaa sebuleni akaanza kuchonga: jua likiwaka, mvua ya mawe ikipiga, ugonjwa ukiingia, kampuni inalipa. Ta Projestus akamuuliza, "Hata mnyauko wa migomba?"

"Hata mnyauko, mjomba."

Akauza ndama, akajiunga. Utamshuku vipi mtoto uliyemlisha senene kwa mkono wako?

Mnyauko ukaingia kweli. Majani yakalegea, ndizi zikaiva njano hazijakomaa, ukikata shina linatoka usaha. Bwana shamba akaamuru migomba ing'olewe siku hiyohiyo, ugonjwa usisambae. Mujuni akapiga simu: "Mjomba, usikate hata mmoja! Mkaguzi asipoikuta imesimama, hulipwi." Basi akaiacha. Kibanja walimolala baba yake na mama yake, kinacholisha nyumba nzima, kikawa kinaoza kikimsubiri mtu wa kampuni. Majirani tulimbembeleza, tukamfokea, akatutolea panga.

"Atakayegusa mgomba wangu namfyeka yeye kwanza!"

Mkaguzi hakuja. Ta Projestus akakata mkungu mmoja uliooza, tukaenda naye mjini, mimi na mkewe Ma Alistidia, hadi ofisi ya kampuni, mtaa wa Bilele. Akaubwaga mezani kwa meneja. Meneja akaziba pua, akafungua mkataba: ukame na mvua ya mawe, basi. Ugonjwa haumo.

"Mzee, si ulitia sahihi mwenyewe?"

Mujuni alikuwa kwenye kona, anatazama viatu vyake. Mjomba wake akamgeukia. "Uliniambiaje, Mujuni?"

"Labda hukunielewa, mjomba."

Mawe, mama wee! Ta Projestus alimrukia, akamshika ile tai, akambamiza uso mezani, damu na usaha wa ndizi vikachanganyika. Ma Alistidia, mama mpole, mwimbaji wa kwaya ya Kilutheri, akavua kiatu akawa anampiga Mujuni kwa kisigino kichwani: "Mwongo! Mwongo! Mwongo!" Sikumzuia. Niliona raha, na sijutii. Walinzi wakaingia na virungu, wakampiga Ta Projestus mpaka akalala sakafuni, kisha akapelekwa rumande. Tulirudi kwa meneja kulalamika kistaarabu. Akatujibu kwamba mtu aliyemwaga damu ofisini kwake hana malalamiko ya kusikilizwa.

Akiwa ndani, majirani tuliingia kibanjani kwake na mapanga. Ma Alistidia alikata mgomba wa kwanza huku analia kwa sauti. Tulifyeka, tukang'oa visiki, tukafukia. Tulipomaliza, ungeweza kuyaona makaburi ya wazee wake ukiwa barabarani.

Ta Projestus akatoka. Nilimwona akisimama getini, jicho moja limevimba, anaangalia uwazi ule. Aliingia ndani, akatoka na panga, akaja moja kwa moja upande wangu.

Nikajua leo nakufa. Nikashika jembe, nikapiga mayowe, watu wakaanza kukimbia kuja. Akanipita. Akaenda hadi nyuma ya jiko langu, kwenye mgomba wenye mkungu mkubwa niliokuwa nautunza kwa sherehe ya ubarikio wa binti yangu kanisani, akaupiga panga. Usaha wa njano ukachuruzika. Akakata wa pili, vilevile. Wa tatu, vilevile.

"Mnyauko umetoka kwangu, Hellen," akasema. "Nilikuwa namsubiri mkaguzi."

Nilimtandika mpini wa jembe begani. Hakukinga. Nikamtandika tena, mfupa ukalia, na majirani waliofika hawakunishika mkono. Watoto wangu watakula nini mimi? Alisimama tu, panga mkononi, anayapokea mapigo yangu, machozi yanamtoka katika lile jicho moja lililokuwa wazi.

Mikono ikaniishia nguvu. Nikatupa jembe.

"Kata, waitu, ndugu yangu," nikamwambia. "Kata yote."