Kamba za Viatu Getini

Juma hili nilisimama nje ya geti la kiwanda kimoja hapa Likasi, nikimsubiri binti wa dada yangu. Ni mhandisi mpya pale. Saa ya kutoka walinzi huwapekua wafanyakazi, wasije wakatoka na madini ndani ya viatu.

Alifika pamoja na kijana wa kizungu. Waliajiriwa siku moja, kwa kazi ileile.

"Mama, toa bilatu," mlinzi akamwambia binti yetu. Akavua buti, akazikung'uta, akabaki na soksi vumbini. Kwa mzungu mlinzi alinyoosha mkono tu: "Patron, pita," kama anayezungumza na bosi wake.

Mzungu hakupita. Alimtazama mwenzake, akainama, akaanza kufungua kamba za viatu vyake.

Nilitaka kupiga makofi. Kisha nikamwona mlinzi, mtu mzima wa rika langu, amepiga magoti. Alikuwa anamfungia mzungu zile kamba tena, huku macho yake yako kwenye kamera iliyo juu ya geti.

"Apana, patron! Bakubwa beko banatuangaria. Miye niko na batoto."

Mzungu akapita, uso umemwiva.

Kila siku tunaambiwa kwamba nafasi ni sawa, mwenye kusoma atapita. Binti yetu amesoma. Njiani nilimuuliza kama kesho atarudi, nikiogopa jibu lolote atakalonipa.

"Nitarudia, tonton," akaniambia mimi mjomba wake. "Ila nitavala bilatu bya bila kamba."