Pa Kukata Video ya Nadhiri

Nilipoanza kazi ya video pale Tabora mjini, nilidhani kukata faili ni hesabu tu. Sherehe yenye urefu wa saa sita haiingii kwenye DVD moja. Unaigawa mara tatu, unabadilisha mfumo wake ili deki iusome, unachoma diski zako, basi. Aliyenitoa kwenye dhana hiyo ni mama mmoja kutoka Ulyankulu.

Alikuja asubuhi na flashi aliyoifunga kwenye pindo la kitenge. Ndani yake mlikuwa na sherehe ya binti yake kuweka nadhiri za utawa, tangu maandamano ya kuingia kanisani hadi wageni wa mwisho kuaga. Nyumbani alikuwa na deki na televisheni ndogo ya sola, lakini deki ilikuwa imelikataa faili lile zito.

"Shikamoo, mama. Niachie, kesho utakuta diski tatu."

"Marahaba, mwanangu. Utakata wapi?"

Sikuwahi kuulizwa hivyo. Nikamwambia kompyuta inakata yenyewe, vipande sawasawa.

"Inajuaje pa kukata?"

Nikaona nimwonyeshe. Mkato wa kwanza uliangukia katikati ya nadhiri yenyewe. Binti alifungua kinywa, akataja jina la Mungu, picha ikaisha.

"Umemkatiza mwanangu!" akasema, tukacheka wote wawili. Nikausogeza mkato hadi baada ya makofi, naye akavuta kiti akakaa. Sasa hata mimi nilitaka kujua mkato mwingine ungeangukia wapi.

Uliangukia kwenye chakula. Dakika nyingi za watu kutafuna, kamera ikizungukazunguka bila kutulia kwa mtu.

"Hapa tupunguze, mama. Hakuna kinachoendelea."

"Usipunguze hata kidogo."

Alilisema hilo kwa haraka mno. Nikaacha ipite polepole, nikawa namtazama yeye kuliko video. Alipotokea mwanamke mwenye kilemba cha njano, sahani mkononi, akiongea na jirani yake, mama akanishika mkono.

"Simamisha. Huyo ni dada yangu."

Akanieleza. Wazazi walipokimbia Burundi, yeye alikuwa wa kubebwa mgongoni. Dada yake, aliyekuwa msichana mkubwa tayari, alibaki kwa bibi yao. Ndugu hao walikutana kwa mara ya kwanza wakiwa watu wazima, kwenye sherehe hiyo. Dada alikaa wiki moja, akarudi kwao. Katika saa zote sita, kamera ilimpata hapo tu.

"Anasema nini?" nikauliza, maana muziki ulikuwa umemfunika.

"Sijui. Siku ile nilikuwa nahudumia wageni."

Nikamvalisha hedifoni, nikaushusha muziki kadiri nilivyoweza, nikairudia sehemu ile fupi. Mara ya kwanza alitikisa kichwa. Mara ya pili alifumba macho. Mara ya tatu akaziba mdomo kwa kiganja, mabega yakamtikisika, nisijue ni kicheko au kilio.

"Anamwambia yule mwenzake kwa Kirundi kwamba mimi natembea kama mama yetu." Akavua hedifoni taratibu. "Mama alifariki nikiwa bado mdogo. Hakuna aliyewahi kuniambia alikuwa anatembeaje."

Nikarudi kwenye kazi. Tulikata upya pamoja, yeye akinionyesha kwa kidole, zikatoka diski nne badala ya tatu. Ya tatu ilianza dada yake akiwa na sahani mkononi.

Baada ya miezi kadhaa alirudi na diski moja tu, ile ya tatu, imechubuka hadi deki inakwama.

"Na ile ya nadhiri?" nikauliza.

"Ile bado mpya kabisa," akajibu, akaangalia pembeni kwa aibu kidogo. "Usimwambie mwanangu."

Faili lake nilikuwa bado nimelihifadhi. Nikamchomea nakala mbili.